Redio isiyosema haipandi rafuni: kuchagua, kufufua na kusikiliza redio za mawe Lubumbashi

Redio ya zamani inayouzwa kwa jina la "imekufa" mara nyingi ina ugonjwa mmoja kati ya hii: vyuma vya mawe (betri) vimeshika kutu, kitufe cha sauti kimejaa vumbi, swichi ya bendi imechafuka, waya wa antena umekatika, au tundu la hedifoni limekwama. Yote hiyo inatibika mezani, bila kubadilisha kipande chochote cha gharama. Ndiyo maana mwongozo huu unakusanya redio kwa masharti ya sikio. Redio ambayo haisemi ni mzigo, hata ikiwa na jina kubwa usoni.

Hatua ya 1: amua kila redio itafanya kazi gani

Anza na tatu tu. Ya kwanza iwe redio kubwa ya mawe ya R20 (yale makubwa, saizi D) yenye spika ya sentimita 10 au zaidi. Hiyo ni ya habari na muziki wa nyumbani, na sauti yake hakuna redio ndogo inayoifikia. Ya pili iwe ya masafa mafupi yenye namba kwenye kioo, ili ukiambiwa 9500 kHz ufike 9500 bila kubahatisha. Ya tatu ni ya mfukoni, FM na masafa ya kati.

Kwa hiyo ya pili, Sony ICF-SW7600GR bado ni redio ya kuheshimiwa. Inatumia mawe manne ya R6 (madogo, saizi AA) na inasoma hata SSB, yaani sauti za waendesha redio wa ridhaa. Tecsun PL-330 ni ndogo na ina faida ambayo hapa kwetu si ndogo: betri yake ni BL-5C, ileile ya simu za Nokia za vitufe, kwa hiyo ikichoka unaipata kwa wauza simu. Ukikutana na Panasonic RF-2200, ile yenye antena ya masafa ya kati inayozunguka juu ya mgongo, usiiache kwa sababu ya mikwaruzo tu.

Redio mpya zenye tochi, USB na kadi ya memori zina matumizi yake, lakini kwa masafa mafupi wengi wao ni viziwi. Kichezeo cha kadi kilichomo ndani kinatoa kelele inayoziba vituo dhaifu. Na usidanganywe na mshale unaotembea kwenye kioo. Ukizungusha polepole na vituo vikaruka kwa hatua badala ya kuingia taratibu, ndani kuna chipu ya kidijitali. Si vibaya, ila usiilipie bei ya redio ya analojia ya zamani.

Hatua ya 2: soma kioo kabla ya kuuliza bei

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa sababu redio zinafika Lubumbashi kutoka pande zote za dunia na kila upande ulikuwa na bendi zake.

Redio iliyotengenezwa kwa soko la Japani inaanza FM kwenye 76 MHz, na nyingi huishia 90. Wenye magari yaliyotoka huko wanaujua ugonjwa huo. Radio Okapi hapa mjini iko 95.8, kwa hiyo kwenye redio ya namna hiyo hutaipata kamwe, hata uweke antena ya urefu gani. Redio za zamani za Ulaya nazo mara nyingi huishia 104 badala ya 108.

Redio ya Kifaransa imeandikwa GO, PO na OC. PO ni masafa ya kati, OC ni masafa mafupi. GO ni masafa marefu, na hapa hayana kitu cha kusikiliza. Hata Ufaransa kwenyewe France Inter ilizima 162 kHz mwishoni mwa 2016. Redio yenye FM, GO na PO peke yake, bila OC, inunue kwa uzuri wa umbo au iache.

Redio ya kidijitali ya Marekani ina mtego mwingine. Kwao vituo vya masafa ya kati vimeachana kwa 10 kHz, kwetu ni 9: 531, 540, 549, hadi 1602. Tafuta swichi ya 9/10, nyuma au ndani ya chumba cha mawe. Kama haipo, redio itakuwa inapita pembeni ya vituo vingi.

Hatua ya 3: ijaribu palepale

Nenda soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, au kokote unakonunua ukiwa na mawe yako mapya, manne ya R6 na manne ya R20, pamoja na hedifoni. Mwambie muuzaji, "Yaya, ngoja kwanza niijaribu na mawe yangu." Anayekataa amekwisha kukujibu.

Fungua chumba cha mawe. Kutu kidogo si tatizo, lakini springi iliyolika hadi kukatika inaonyesha maji ya betri yameingia mbali, labda hadi kwenye ubao. Tazama skrubu: zikiwa zimechubuka vichwa, kuna mtu aliyetangulia. Tikisa redio karibu na sikio. Kinachogonga ndani kama jiwe mara nyingi ni fimbo nyeusi ya feriti iliyovunjika, na hiyo ndiyo antena ya masafa ya kati.

Sasa iwashe. Zungusha sauti: mkwaruzo ni vumbi, linasafishika, ila mahali ambapo sauti inakatika kabisa kila mara njia yake ya kaboni inaweza kuwa imelika. Hamia masafa mafupi, vuta antena yote, uiguse kwa kidole. Mvumo unapaswa kuongezeka. Usipoongezeka, ama waya wa antena umekatika (dakika kumi za kulehemu), ama transista ya kwanza imeungua kwa radi, na hiyo ni kazi ya fundi.

Jambo la mwisho ndilo linaloleta redio nzuri kwa bei ya taka. Kama spika iko kimya, chomeka hedifoni. Ukisikia sauti, tatizo mara nyingi ni tundu la hedifoni: ndani yake kuna swichi ndogo inayokata spika, na imekwama kwenye hali ya kukata. Chomeka na kuchomoa mara ishirini. Spika mara nyingi hurudi hapohapo, kwa hiyo elewana bei kwanza.

Hatua ya 4: safisha

Utahitaji brashi ya meno kuukuu, vijiti vya pamba, alkoholi ya duka la dawa, siki au limau, bikarbonati, na msasa laini wa namba 600.

Uchafu wa mawe una aina mbili, na dawa ya moja haitibu nyingine. Mawe ya kawaida ya bei nafuu yakivuja hutoa tindikali, kwa hiyo pakaa uji wa bikarbonati na maji. Mawe ya alkalini hutoa unga mweupe wa potasiamu ambao ni kinyume chake, kwa hiyo tumia tone la siki au limau. Jiwe lililovuja likiwa bado ndani, soma lebo yake kabla ya kulitupa. Baada ya hapo futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha alkoholi, piga msasa hadi chuma king'ae, na uache wazi siku nzima. Alkoholi ya asilimia 70 ina maji mengi, usiiharakishe. Springi iliyokufa inabadilishwa na ya rimoti mbovu.

Kitufe cha sauti na swichi ya bendi: matone mawili au matatu ya alkoholi ndani ya uwazi wake, kisha zungusha mwanzo hadi mwisho mara thelathini. Dawa ya kupuliza ya umeme ni nzuri zaidi, lakini usiipulize kwenye kisanduku cha plastiki angavu ambacho kitufe cha kutafutia vituo kinazungusha. Mle ndani kuna karatasi za plastiki nyembamba sana, na dawa kali huziharibu. Hapo hapasafishwi.

Utaona pia vikopo vidogo vya bati vyenye skrubu za rangi: nyekundu, njano, nyeupe, nyeusi. Usiziguse. Zimepangwa kiwandani kwa mitambo, na robo ya mzunguko inatosha kuifanya redio kiziwi. Wengi wanaopeleka redio kwa fundi baada ya "kuirekebisha" wameanzia hapo.

Redio ikisema vizuri na mawe mapya lakini ikaanza kupiga *putu-putu-putu* mawe yakipungua, tafuta kondensa kubwa iliyo kati ya chanya na hasi ya umeme, kwa kawaida 220 hadi 470 µF. Imekauka. Weka ya µF zilezile, volti sawa au zaidi, na uangalie mstari wa hasi. Ukiigeuza itapasuka.

Hatua ya 5: umeme

Redio ya mawe manne hutaka volti 6. Betri za kuchaji za NiMH zina 1.2 kila moja, yaani jumla 4.8. Redio nyingi hukubali, chache hukataa au hupunguza sauti. Betri moja ya lithiamu ya 18650 ikijaa ina volti 4.2, kwa hiyo inafaa redio ya mawe matatu. Usiiweke kwenye redio ya mawe mawili, ambayo imezoea volti 3.

Adapta ni hatari kuliko mawe. Redio moja inataka chanya katikati ya plagi, nyingine hasi. Kuna mchoro mdogo karibu na tundu, ufuate huo na usiamini plagi kwa sababu imeingia. Na redio itakayokaa bila kazi zaidi ya wiki mbili, itoe mawe yote.

Hatua ya 6: winda kelele za nyumba

Redio nyingi husingiziwa udhaifu ambao ni wa nyumba. Weka redio kwenye masafa mafupi, karibu na 6 MHz mahali pasipo na kituo, kisha uzunguke nayo chumba kwa chumba. Inapovuma zaidi, mkosaji yuko karibu: shaja ya simu, taa ya LED, dekoda ya televisheni, na mara nyingi zaidi rigileta ya sola na inveta. Zima kimoja kimoja. Kwa sola, chaji mchana, na usiku tenga rigileta kabisa kwa muda wa kusikiliza, kwa kufuata mpangilio wa kuchomoa ulioandikwa kwenye kitabu chake.

Kuna saa moja bora kuliko zote, nayo ni ya delestaje, yaani mgao wa umeme. Umeme ukikatika mtaa mzima, shaja na taa za majirani nazo zinanyamaza, na vituo ambavyo jana havikuwepo vinatokea. Msikilizaji mwenye redio ya mawe ndiye peke yake mtaani asiye na sababu ya kulalamika usiku huo.

Antena ya ziada ni waya wa shaba wenye ganda, mita 7 hadi 10, umefungwa kwenye mti mbali na nyaya za umeme, na ncha moja imebanwa kwenye antena ya redio. Usizidishe. Redio ndogo ikipewa waya mrefu inalemewa: kituo chenye nguvu cha 9800 kHz kitaonekana pia 8890, yaani 910 chini, nawe utadhani umegundua kipya. Kwa FM huhitaji waya huo. Gawa 75 kwa megahezi za kituo upate urefu wa antena kwa mita: kwa 95.8 ni sentimita 78.

Kuanzia Novemba hadi Aprili, bandua waya huo kila unapomaliza, hata kama mbingu ni safi. Radi haihitaji kupiga waya wenyewe ili kuua transista ya kwanza. Miezi hiyo masafa ya kati nayo hujaa mitutumo ya ngurumo za mbali. Kiangazi, Mei hadi Septemba, ndicho msimu wa kweli wa usikilizaji, ila funika redio kwa kitambaa, maana vumbi jekundu huingia kila tundu.

Hatua ya 7: sikiliza kwa mpango

Ratiba za masafa mafupi huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa. Lubumbashi ongeza mbili: 18:00 UTC ni saa mbili usiku kwetu, wakati Kinshasa ni saa moja. Ratiba hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo orodha ya mwaka jana haina thamani.

Mchana tafuta juu, bendi za mita 19 na 16 (15100–15800 na 17480–17900 kHz). Jua likizama shuka mita 31, 41 na 49. Utasikia RFI kutoka mitambo ya Issoudun, Ufaransa, na vituo vinavyorushwa kutoka Manzini, Eswatini, au Talata-Volonondry, Madagaska. Masafa ya kati yafungue baada ya giza: mchana tabaka la chini la anga humeza mawimbi hayo, usiku tabaka hilo hutoweka na vituo vya mbali huingia. Vikiingiliana, usiguse antena ndefu, haina kazi huko. Zungusha redio nzima. Feriti haisikii upande zinakoelekea ncha zake, kwa hiyo elekeza ncha kwa kituo kinachosumbua.

Andika daftari: tarehe, saa ya UTC, kHz, lugha, kilichosemwa, na alama tano za SINPO, kila moja kutoka 1 hadi 5 (nguvu, mwingiliano, kelele, usafiri wa mawimbi, jumla). Ukituma ripoti yenye maelezo ya dakika kumi na tano hadi ishirini ya matangazo, pamoja na jina la redio yako, vituo vingi hujibu kwa kadi ya QSL, yaani kadi ya kuthibitisha kwamba kweli umewasikia. Taja vipindi, majina ya watangazaji na nyimbo kama ulivyozisikia. Ripoti ya "nimewasikia vizuri sana" haipati kadi.