Kabla hujampangisha nyumba afisa wa shirika la kimataifa

Ukiwa na nyumba Gigiri au Runda, jijini Nairobi, ipo siku utaletewa mpangaji wa shirika la kimataifa. Mkaribishe, lakini jipange kwanza.

Chukua amana. Piga picha kila chumba, na mita ya maji pia. Kama mkataba unamruhusu kuondoka akihamishwa kikazi, andika notisi ni ya siku ngapi.

Kisha tazama jina lililotia sahihi. Hapa ndipo nilipoumia. Mpangaji wangu alilipa vizuri mwaka mzima, halafu kodi ya miezi mitatu ikakwama. Nilipomfuata, aliweka kitambulisho chake cha kazi juu ya meza ya jikoni, akaniambia ana kinga, korti ya Kenya haimgusi. Nikanywea. Sikumwona wakili, sikuandika hata barua. Aliondoka nchini akaniachia sinki lililopasuka na bili ya maji.

Nilipofika kwa wakili, nimechelewa, swali lake la kwanza lilikuwa: mkataba ni wa jina la nani? La kwake mwenyewe. Basi, akasema, ungemshtaki. Mkataba wa kimataifa wa 1946 kuhusu kinga za Umoja wa Mataifa, na ule wa 1947 wa mashirika yake maalumu kama Shirika la Afya Duniani, unamlinda afisa wa kawaida kwa maneno na matendo ya kazi yake tu. Kodi ya nyumba anayolala na wanawe si kazi. Chini ya mikataba hiyo, kinga kama ya balozi ni ya wakubwa wachache wa juu, kuanzia Katibu Mkuu. Hata hiyo imetolewa kwa faida ya shirika, si yake binafsi, na shirika lina wajibu wa kuiondoa inapozuia haki, mradi lenyewe lisidhurike. Isitoshe, kanuni za utumishi za Umoja wa Mataifa zinamtaka mfanyakazi atimize wajibu wake binafsi wa kisheria. Mwandikie mwajiri wake angali Nairobi, usingoje kama mimi.

Likitia sahihi shirika lenyewe, mambo ni mengine: halipelekwi kortini mpaka likubali kuiacha kinga yake. Dai kifungu cha usuluhishi humo humo. Mkataba wa 1946 wenyewe unautaka Umoja wa Mataifa uweke njia ya kumaliza migogoro ya namna hiyo.

Na mashirika hayafanani. Muulize wakili shirika la mpangaji wako limepewa kinga gani chini ya sheria ya Kenya ya haki maalumu na kinga, Sura ya 179. Weka nakala ya barua ya mwajiri. Usirudishe amana kabla hujaona risiti za maji na umeme, na funguo zote ziko mkononi, hata ya lango la nyuma.