Mgongo unauma miezi na ukifumba macho unayumba? Anza na kusimama

Wenzangu wa mgongo wa chini, ule wa miezi mitatu na kuendelea, kabla hujaendelea kusoma vua viatu simama karibu na ukuta, miguu ibane pamoja, alafu fumba macho uhesabu mpaka 30. Ukiona unapepea kama bua la mtama kwenye upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane basi haya yanakuhusu.

Mi nilijua siku umeme umekatika, naoga uani huku Nkuhungu, sabuni imejaa usoni, nikapepesuka nikadaka ukuta. Na muda wote huo nilikua nahangaika na mkanda wa kiuno nikidhani shida ni nguvu tu.

Iko hivi, mwili unajua uko wima kwa macho, kwa sikio la ndani na kwa taarifa zinazotoka kwenye misuli na viungo. Mgongo ukiuma muda mrefu taarifa za kiunoni zinakua za hovyo, ubongo unaziacha unategemea zaidi vifundo vya miguu, na wewe kwa kuogopa maumivu unakakamaa kiuno kama umemeza mwiko. Kwenye sakafu ngumu mchana hustuki. Ila ukikanyaga mchanga wa korongoni vifundo navyo vinadanganywa, likiingia na giza ndo unayumba.

Sasa mazoezi. Kaa karibu na ukuta au kiti kizito, dakika kama 10 kwa siku zinatosha. Wiki ya kwanza hamisha uzito tu, kulia kushoto, mbele nyuma, pole pole, magoti yasikazwe na usibane pumzi (hapa ndo wengi tunakosea, tunasimama kama askari wa gwaride). Kiuno kiachie kicheze kidogo, hicho ndo tunachokitafuta. Ukizoea simama kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mwingine, sekunde 20 au 30, badilisha. Alafu mguu mmoja, nafanya hii nikipiga mswaki. Baadae ndo unafumba macho, au unasimama juu ya blanketi lililokunjwa, ila ongeza kitu kimoja kimoja, usije ukafumba macho juu ya blanketi kwa mguu mmoja siku ya pili ukaanguka ukanilaumu.

Kuna hii ya mkono naipenda. Kwa kawaida ukitaka kuinua mkono misuli ya ndani ya tumbo inajiandaa muda mfupi sana kabla, yani hata robo sekunde haifiki, na kwa wengi wenye mgongo inachelewa. Kwaiyo simama, inua mkono mmoja mbele taratibu mara kumi, baadae haraka kidogo, baadae ukiwa na chupa ya maji ya nusu lita. Ndoo ya lita 20 iache kwanza. Na daladala ya kusimama mpaka Mtumba sio zoezi, tafuta siti.

Maumivu yakipanda kidogo yakatulia kesho yake endelea, yakishuka mpaka mguuni au yakikaa siku mbili punguza. Sisemi mgongo utapona wote kwa hili, kutembea kila siku bado ni muhimu, anza barabara iliyonyooka kabla ya njia za mchanga. Kama ni mzee au una sukari na nyayo zina ganzi usianze peke yako, nenda kwa mtu wa fiziotherapia akuangalie. Nyumba ikizunguka kichwani hiyo sio ya mgongo, kapime presha na masikio. Na ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi katikati ya mapaja, au miguu inazidi kulegea, ni hospitali siku hiyohiyo, mazoezi weka pembeni.

Andika sekunde zako ukutani kwa chaki. Mi mguu wa kushoto nilianza na 6, saivi nafika 25, wa kulia bado unanisumbua.