Unataka jina la Kichina? Ming ipi hiyo?

Wafanyabiashara wa Kariakoo ninaowakalimania wakienda Guangzhou kufuata mzigo huniomba jina la Kichina la kuweka WeChat na kwenye kadi. Wengi huja na sauti tayari: "Niandikie Ming, limekaa vizuri." Sawa, ila Ming ipi?

Fungua kamusi utafute míng, toni ya pili, ile inayopanda. Utakuta 明 ya mwanga, 名 ya jina, 鸣 ya mlio wa ndege, 铭 ya maneno yaliyochongwa, na 冥 ya giza na kuzimu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomo kwenye míngbì, noti za karatasi wanazochomewa marehemu. Mchapaji wa kadi akibofya ya jirani, umekwisha. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwa herufi zetu tu usilipokee. Dai herufi yenyewe.

Ukishaipata, ipasue. 明 ina mistari 8: minne ya 日, jua, na minne ya 月, mwezi. Kila utakayemuuliza atakwambia jua na mwezi vimewekwa pamoja, ndiyo maana ni mwanga. Si uongo, ila hadithi haiishii hapo. Kwenye mifupa ya kutabiria ya enzi ya Shang iliyofukuliwa Anyang, China, yenye miaka zaidi ya 3,000, zipo 明 zenye jua na zipo ambazo kando ya mwezi pana dirisha. Xu Shen, aliyemaliza kamusi yake ya asili za herufi mwaka 100 BK, alitanguliza ya dirisha, 朙, na ya jua akaiweka chini yake kama umbo la kale. Mimi naipenda ya dirisha: chumba kina giza, mbalamwezi inapenya, unauona mkeka ulipo. Ukiifikiria hivyo hutashangaa kwamba míngbai ni kuelewa, cōngming ni mwerevu, na shīmíng, yaani kupoteza míng, ni kupofuka.

Kisha uliza nani wameibeba. Zhuge Liang (181–234), waziri na mwanamikakati, jina lake Liang ni "angavu", na jina lake la utu uzima, Kongming, ni "angavu sana": la pili linalifafanua la kwanza, na ndivyo wasomi wa zamani walivyopenda. Enzi ya Ming (1368–1644) nayo ilijiita kwa herufi hiyohiyo, na ni mfalme wake Yongle aliyeletewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Siku hizi yupo Yao Ming wa mpira wa kikapu. Lakini ujue pia kuwa Xiao Ming, Ming mdogo, ndiye mtoto wa kwenye maswali ya hesabu ya shule za China, kama Juma wetu anayenunua machungwa. Ni jina la heshima, la kawaida, na likisimama peke yake husikika zaidi la kiume. Anayetaka kuonekana wa kisasa atafute lingine.

Halafu kuna jambo la wakubwa. Kwetu mjukuu kubeba jina la babu ni fahari. Kwa Wachina, kumpa mtoto herufi ya jina la babu yake ni utovu wa adabu, na zamani herufi za jina la mfalme hazikuandikwa ovyo. Basi kama mzee wa kiwanda unachonunua anaitwa Ming, usichague Ming kwa kumfurahisha.

Sasa liunganishe na jina la ukoo, ambalo hutangulia, na ulisome kwa sauti. Hapa ndipo vichekesho vilipo. Ukoo wa Wu (吴) ukiuweka na Ming unapata Wú Míng, na sikio la Mchina linasikia 无名: asiye na jina. Chukua Li, au ongeza herufi ya pili, kama Zhìmíng (志明), nia na mwanga.

Mwisho ni mkono. Anza na jua kushoto: liwe jembamba, fupi kuliko mwezi, na mstari wake wa chini ndio wa kufungia. Kwenye mwezi, mguu wa kushoto unapinda kidogo kwenda nje, wa kulia unamalizikia kwa ndoano ndogo, kisha mistari miwili ya ndani. Chini pabaki wazi.