Mambo ya kuzingatia kabla ya kupanda haiasinti Dar es Salaam

Haiasinti ya bustanini, yaani Hyacinthus orientalis, ni ua lenye harufu linaloota kutoka kwenye tunguu, sehemu nene ya chini ya ardhi iliyo kama kitunguu; si lile gugu maji linalowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria, ingawa majina yao hukaribiana katika lugha nyingine. Asili yake ni Uturuki, Syria na Lebanon, ambako baridi kali hutangulia majira ya kuchanua. Kwa kuwa Dar es Salaam haina baridi ya namna hiyo, hata katika kipupwe, kitu cha kwanza kuandaa ni friji, kabla ya chungu na udongo.

Tunguu lake linahitaji kukaa gizani, katika nyuzi joto 5 hadi 9, kwa wiki 10 hadi 12 hivi; lisipoipata baridi hiyo, ua hufumbuka likiwa limebanwa katikati ya majani, bila bua la kulinyanyua. Droo ya mboga inafaa, friza haifai kabisa. Hakikisha kwamba kwa muda wote huo friji haitawekwa maembe, ndizi wala maparachichi, kwa sababu matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huua chipukizi la ua ndani ya tunguu ambalo kwa nje linaonekana zima. Mwaka wangu wa kwanza niliweka matunguu yangu karibu na maembe, nikangoja karibu miezi mitatu, nikapata majani matupu.

Tunguu hili hufanana mno na kitunguu cha mchuzi, na ni sumu likiliwa. Litie katika mfuko wa karatasi ulioandikwa kwa herufi kubwa, kisha waeleze wote wanaoingia jikoni, watoto wakiwa wa kwanza. Andaa pia glovu, kwa kuwa maganda yake yana fuwele za oksaleti, kama zile zinazofanya magimbi mabichi yawashe.

Tarehe nazo zipangwe mapema. Matunguu ya Uholanzi huuzwa kuanzia Septemba hivi, na ukiyatia friji mara yafikapo, yatachanua kwenye joto la Januari, ambalo hunyausha maua haraka. Naona ni afadhali ya Afrika Kusini, yanayouzwa karibu na Machi: yakianza baridi mwanzoni mwa Aprili hutoka mwishoni mwa Juni, wakati kusi inavuma na usiku umepoa. Kibali cha kuyaingiza kiombwe kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania kabla hujamlipa muuzaji, naye akupatie cheti cha afya ya mimea cha nchi yake.

Chungu kiwe na matundu, na udongo uwe mchanga uliochanganywa na mboji. Ukipenda kuliotesha juu ya gilasi ya maji, kitako cha tunguu kikaribie maji bila kuyagusa, la sivyo litaoza. Liweke barazani penye kivuli na mwanga wa asubuhi, karibu na mlango wa sebule, ili harufu yake iingie ndani jioni.