Franconia kwa tiketi moja ya treni
Mkienda Franconia, kaskazini mwa Bavaria, Ujerumani, nunueni Bayern-Ticket, andikeni majina yenu juu yake, kisha pandeni treni za mkoa siku nzima. Inabeba hadi watu 5, hivyo mkigawana nauli inashuka sana. Asubuhi tembeleeni kasri la Würzburg, kisha mwonje mvinyo wa Silvaner, ule wa chupa bapa yenye tumbo la mviringo. Mizabibu ya kilima cha Stein inaonekana kutoka stesheni. Kutoka hapo, Bamberg ni kama saa moja kwa treni ya moja kwa moja, na mji wake wa kale unastahili jioni nzima. Jumatatu hadi Ijumaa tiketi haifanyi kazi kabla ya saa 3 asubuhi. Treni za kasi za ICE haziikubali kabisa.