Somo: Kumpandisha boti ya Unguja mtu wa kiti mwendo, ukitokea Dodoma

Tangu SGR, ile reli ya kisasa, ianze kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar mwezi Julai 2024, maswali ya kumpeleka Unguja mzazi au ndugu anayetumia kiti mwendo yameongezeka. Zamani wengi walikwama kwenye basi: ngazi ndefu za mlangoni, halafu kutwa nzima umekaa mkao mmoja. Sasa safari ya nchi kavu imekuwa nyepesi. Ya majini ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu, maana sisi watu wa bara tunachagua boti kwa kuangalia saa na nauli tu. Ukiwa na kiti mwendo, cha kuangalia kwanza ni maji.

Hatua ya 1: Angalia mwezi, kisha ukate tiketi

Bahari ya Dar hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika mita tatu na ushei. Boti hupanda na kushuka na maji, gati la zege halisogei. Kwa hiyo daraja lilelile la kupandia ambalo mchana lilikuwa karibu tambarare, saa nyingine linakuwa mteremko wa kumtisha hata mwenye miguu yake miwili. Penye gati linaloelea shida haiishi, inahamia tu kwenye daraja la kutoka nchi kavu kwenda kwenye gati hilo.

Kwa Dar na Unguja, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Baada ya wiki moja mambo yanageuka, na hapo ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua, nachagua siku za maji mafu, boti yoyote. Ikibidi iwe bamvua, nakwepa boti ya katikati ya asubuhi. Ratiba za maji zinapatikana kwenye simu, na mvuvi yeyote wa Feri, pale soko la samaki la Dar, atakuambia bila hata kuangalia saa.

Hatua ya 2: Ipigie simu kampuni ya boti

Usiishie kukata tiketi mtandaoni. Waambie kuna abiria wa kiti mwendo, anaweza kusimama kidogo au hawezi kabisa, ana uzito gani, na kiti kinakunjwa au hakikunjwi. Uliza kama sehemu ya kukaa ina ngazi. Watu hulipia siti za daraja la juu kwa heshima ya mzee, kumbe ziko ghorofani. Siti ya bei ya chini iliyo karibu na mlango ni bora mara mia. Jina la mtu uliyeongea naye liandike.

Hatua ya 3: Treni

Hapa sina mengi. Stesheni ya SGR Dodoma haiko pale mjini kwenye stesheni ya zamani, kwa hiyo tafuta gari ambalo kiti kitaingia, na mfike mapema. Wakati wa kuingia behewani, geuza kiti magurudumu makubwa ya nyuma yatangulie. Yale madogo ya mbele hunasa kwenye uwazi kati ya jukwaa na behewa, na kikinasa ghafla aliyeketi anaenda mbele kwa uso. Dar, kutoka stesheni hadi bandari ya boti si mbali, ila njia ya miguu ina mashimo na magari yaliyoegeshwa. Chukueni teksi.

Kama mgonjwa amechoka, laleni Dar. Treni na boti siku moja ni kwa wenye mgongo mzima.

Hatua ya 4: Kwenye daraja la kupandia

Kabla hamjafika, mwulize mwenyewe anataka kushikwaje. Yeye ndiye anayeujua mwili wake, na yeye akisema "simama", mnasimama. Mweleze baharia mbele yake, asizungumzwe kama mzigo.

Kisha kanuni moja: kwenye mteremko wowote, uso wa aliyeketi uelekee juu. Mkiwa mnapanda, anatangulia na wewe unasukuma kutoka nyuma. Mkiwa mnashuka kuingia botini, kiti kinarudi kinyumenyume, wewe uko chini yake na mtu mwingine yuko mbele ameshika fremu. Ukimshusha uso ukiangalia chini, uzito wote unamtoa kwenye kiti.

Daraja likiwa na vidato vya ngazi, kiti kinabebwa. Mwenye nguvu zaidi anashika mipini ya nyuma, kiti kinalazwa kidogo nyuma, wa mbele anashika fremu. Fremu, si vikanyagio vya miguu wala mikono ya kuegemea. Vitu hivyo vimetengenezwa vichomoke, na huchomoka kweli mkononi mwa baharia mwenye haraka. Vichomoe mwenyewe mapema, uviweke kwenye begi lako.

Breki ifungwe kila mnaposimama. Mifuko ibebwe na mtu mwingine. Mfuko uliotundikwa kwenye mipini unaweza kukipindua kiti.

Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mtu akikukatalia getini una haki ya kuitaja. Lakini kiti kinabebwa na baharia. Anza na salamu.

Hatua ya 5: Ndani

Mhamishie kwenye siti ya boti, katikati au kuelekea nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo. Kiti kikunjwe, kibandikwe jina na namba ya simu. Akibaki kwenye kiti chake, breki ifungwe na kiti kizuiwe, ila yeye asifungwe kwa kanga wala mshipi asioweza kuufungua haraka. Jaketi la kuokolea mlione liko wapi kabla boti haijaondoka. Safari ni kama saa mbili, kwa hiyo mwinue au mwegemeze upande kila baada ya muda mfupi ili makalio yasipate vidonda.

Miezi ya upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya safari, siyo mtu akishaanza kutapika. Kwa mzee mwenye tezi dume au presha ya macho, mwulize mfamasia kwanza, maana baadhi ya dawa hizo huzuia mkojo.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kondoa: Kaka yangu ana kiti cha umeme. Twende nacho?*

Kiache nyumbani kama anaweza kuvumilia cha kusukuma. Vingi vina uzito wa kilo hamsini na zaidi kabla mtu hajakaa, na hakuna anayekibeba kwenye ngazi. Kama hana namna, iambieni kampuni aina ya betri mapema.

*Kutoka Singida: Mama hataki kubebwa na wanaume asiowajua.*

Ana haki. Nenda na binti au mjukuu atakayemshika mwilini, mabaharia washike chuma tu. Mfunge kanga ya pili kiunoni hadi chini ya magoti, ibane vizuri, ili akilazwa nyuma nguo isipande. Mwambie hayo mkiwa nyumbani, siyo gatini watu wakiangalia.

*Kutoka Mpwapwa: Na choo?*

Choo cha boti mara nyingi kina mlango mwembamba na kizingiti. Amalizie bandarini. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko umwagwe kabla ya kupanda. Pampasi si aibu. Ila msimnyime maji. Joto la Dar si la kwetu.

*Kutoka Chamwino: Shemeji yuko Uingereza, anataka kumtembeza baba mkwe kwa meli kubwa ya kitalii. Ni hayahaya?*

Kupanda kwenyewe huwa rahisi zaidi, meli hizo zina lifti na wahudumu waliofundishwa. Ugumu uko kwingine. Vyumba vyenye mlango mpana na bafu lisilo na kizingiti ni vichache, huisha mapema. Aende na kiti chake, kwani vya meli huwa vya kupandia na kushukia tu. Na aulize kila bandari: meli inafunga gatini au inatia nanga nje? Ikitia nanga nje, abiria hushushwa kwa boti ndogo, na nahodha anaweza kumkatalia mtu wa kiti mwendo mawimbi yakiwa makubwa. Bandari ambayo baba anaitamani kuliko zote, iwe ya gati.