Nishani ibaki nyumbani, tochi ije yadini: kwa askari mstaafu anayetaka kuuza magari

Siku niliyoanza kuuza magari, meneja aliniomba nivae nishani yangu ya ushujaa kifuani. Niliivaa wiki nzima. Wateja walinishika mkono kwa heshima, wakaniuliza habari za vita, wakaaga. Hakuna aliyenunua. Baadaye nikaelewa: mtu anayekustahi kupita kiasi huona haya kubishana nawe bei, na asiyebisha bei haondoki na gari. Tangu hapo nishani iko kabatini kwa mke wangu, na mimi nimefanya kazi hii miaka 19, nikaishi kwayo na kusomesha watoto.

Kwa hiyo, mpiganaji mwenzangu, usianze na sifa zako. Anza na ukaguzi, maana huo tayari unaujua. Mimi nilikuwa dereva wa malori ya msafara, na hakuna lori lililotoka kambini kabla ya kulizunguka lote kwa macho na mikono. Fanya vivyo hivyo yadini kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika.

Chukua tochi, kitambaa cheupe na sumaku ndogo. Fungua boneti injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha oili uangalie upande wa ndani: ukikuta utando mzito wa rangi ya maziwa, maji yamechanganyika na oili. Huenda ni unyevu tu wa gari linalokwenda safari fupi fupi, lakini huenda pia gasketi ya silinda hedi, ile inayotenga maji na oili ndani ya injini, imekufa, kwa hiyo muite fundi kabla hujamwita mteja. Tazama mafuta ya breki. Yale hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya huchemka upesi, hapo breki zinaweza kukosa nguvu kwenye mteremko mrefu. Soma tairi ubavuni: tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukisoma 3519, tairi ni la wiki ya 35 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake, yaani meno yanayokanyaga barabara, bado nene. Linganisha namba ya chesesi ya kwenye gari na ya kwenye kadi ya usajili wa gari, herufi kwa herufi. Kwa magari mengi ya tangu 1981 ni herufi na tarakimu 17, na hutakuta I, O wala Q ndani yake; yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi zaidi. Ukiiona O kwenye namba ya 17, simama hapo hapo.

Kisha andika ubovu wote kwenye daftari, na umwambie mteja kabla hajauona mwenyewe. Hapa ndipo wengi huogopa. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuja na binti yake kutafuta gari la kumpeleka binti kazini. Walipenda gari moja la bluu. Sikueleza lolote, nilimwekea yule mzee sumaku mkononi nikamwambia aipitishe mlango wa mbele, kisha wa nyuma kushoto. Mlango wa mbele ilinata. Wa nyuma ikateleza ikaanguka chini, maana bati lilikuwa limejazwa puti chini ya rangi. Akaiokota, akajaribu tena, ikaanguka tena. Nilidhani wataondoka. Akanigeukia akaniuliza, “Kuna lingine?” Nikamtajia: shokabsoba moja inavuja. Akalinunua lile lile. Alisema angalau hilo analijua baya lake lote.

Kuna tabia za kambini za kuziacha. Usitoe amri. Usitembee mbele ya mteja kama unamwongoza doria, tembea ubavuni mwake, au nyuma kidogo. Uliza gari litabeba nani na litapita barabara gani, kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Na kama mshindo wa mlango au boneti nyuma yako bado unakushtua, waambie wafanyakazi wenzako mapema. Mimi nilificha miezi 8, nikawa narudi nyumbani mwili umekakamaa. Nilipowaambia, walianza kufunga boneti kwa mikono miwili, taratibu. Hakuna aliyenidharau.

Kamisheni nayo haiji kama mshahara wa jeshi. Mwezi mmoja inajaa, unaofuata haipo. Weka akiba ya miezi kadhaa kabla hujaanza.

Uliyemuuzia tayari usimsahau. Joe Girard wa Marekani aliuza magari 13,001 kati ya 1963 na 1978, na mwaka 1973 peke yake 1,425. Alikuwa akiwatumia wateja wake kadi za salamu kila mwezi. Mimi sina kadi, nina daftari lenye tarehe za kubadili oili, na hupiga simu siku chache kabla. Wengi wa wateja wangu wa sasa wametumwa na wa zamani.

Siku ya kukabidhi, onyesha jeki, tairi la akiba na spana yake, umwache afungue nati moja kwa mkono wake. Keti naye kiti cha abiria kilomita ya kwanza, redio ikiwa imezimwa, ili msikie gari pamoja. Mkirudi shuka, mpe ufunguo wa pili, usimame hapo mpaka avuke geti.